Kwa nini bendi nyingine za roki hazichuji

KAMPUNI ya Sony ilikubali mwaka 2024 kununua hakimiliki za nyimbo za bendi ya Queen ya Uingereza kwa bei ambayo vyombo vya habari vya biashara viliitaja kuwa kiasi cha pauni bilioni moja. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alikwishafariki dunia tangu tarehe 24 Novemba 1991. Mpiga besi wake, John Deacon, aliacha muziki katika miaka ya 1990 na hakurudi. Kwa hiyo bei hiyo haikulipwa kwa ajili ya mali mpya inayotarajiwa kutoka kiwandani. Ililipwa kwa mali iliyotengenezwa zaidi ya miaka 30 iliyopita, nyingine yapata miaka 50, ambayo bado ina wateja kila siku.

Wasomaji wa Zanzibar wanaijua habari hii kwa upande wao. Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tangu mwaka 2019 ipo nyumba ya makumbusho yake Shangani, ambako watalii hulipa kiingilio kuona kumbukumbu za mtu aliyeondoka kisiwani akiwa kijana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini London kwenyewe, ilikuwapo bendi nyingine iliyokuwa mbele ya Queen kwa kila kipimo. Iliitwa Badfinger. Ilirekodi chini ya Apple, kampuni ya Beatles, ikapata nyimbo zilizovuma Uingereza na Marekani, na wanachama wake wawili walitunga "Without You", wimbo ulioshika namba moja ulipoimbwa na Harry Nilsson mwaka 1972 na tena, Uingereza, ulipoimbwa na Mariah Carey mwaka 1994. Wimbo unajulikana dunia nzima. Bendi iliyoutunga haijulikani, na watunzi wake wote wawili walikufa vibaya.

Tofauti kati ya bendi hizo mbili lilikuwa jambo la mashabiki kubishania. Sasa linawahusu wenye mitaji pia. Warner Music iliingia soko la hisa la Nasdaq mwezi Juni 2020, na Universal Music ikaingia soko la Amsterdam mwezi Septemba 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, London ilikuwa imepokea mfuko wa Hipgnosis, ambao kazi yake yote ilikuwa kununua nyimbo za zamani na kugawa mapato yake kwa wanahisa. Anayenunua hisa za namna hiyo, ajue asijue, anaweka dau kwamba nyimbo fulani zitapigwa miaka 20 ijayo.

WIMBO MMOJA SI MTAJI

Dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba bendi inayouza sana leo ndiyo itakayouza kesho. Mwaka 1979 bendi ya The Knack ya Marekani ilirekodi albamu yake ya kwanza kwa kiasi cha dola 18,000, ambazo kwa kampuni kubwa ya kurekodi ni pesa ya chai. Wimbo wake "My Sharona" ulikaa namba moja kwa wiki sita, na jarida la Billboard likautaja kuwa wimbo ulioongoza mwaka huo. Faida hiyo kwa mtaji uliowekwa ingemtamanisha mfanyabiashara yeyote. Lakini kampuni iliitangaza bendi kwa kuifananisha na Beatles, redio zikaupiga wimbo asubuhi hadi usiku, na haukupita muda wasikilizaji wakakinai. Albamu ya pili iliharakishwa, ikatoka mapema mwaka 1980, na haikuingia hata kumi bora. Mwishoni mwa mwaka 1981 bendi ikavunjika.

Bay City Rollers wa Uskochi walikuwa na tatizo jingine. Mwaka 1975 walitikisa Uingereza, na mwanzoni mwa mwaka 1976 walishika namba moja Marekani. Wateja wao wengi walikuwa wasichana wa shule, waliovaa nguo zenye mirabamiraba ya Kiskoti kama bendi yenyewe. Msichana wa miaka 13 mwaka 1975 alikuwa na miaka 17 mwaka 1979, na mtu wa miaka 17 hataki kuonekana na vazi alilovaa akiwa na miaka 13. Bidhaa iliyouzwa ilikuwa vazi na sura. Nyimbo zilikuja baadaye. Vazi lilipopita, nyimbo zilipita nalo. Malalamiko ya mrabaha waliodai kutolipwa yalibaki, yakafika mahakamani mwaka 2007 na kumalizwa kwa suluhu mwaka 2016, miaka 40 baada ya mauzo yenyewe.

Sasa linganisha na AC/DC ya Australia, iliyoanza Sydney mwaka 1973. Mwimbaji wake, Bon Scott, alikufa mwezi Februari 1980. Mwezi Julai mwaka huo huo bendi ilikuwa imeshapata mwimbaji mpya, Brian Johnson, na imeshatoa albamu ya "Back in Black", ambayo Marekani peke yake imethibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 25. Tangu hapo bendi imebadilika kidogo mno kiasi kwamba wahakiki wa muziki wameifanyia mzaha kwa miaka mingi. Gitaa ni lile lile, mdundo ni ule ule, na Angus Young bado anapanda jukwaani na sare ya shule. Mteja wa AC/DC anajua anachonunua, kama anavyojua mnunuzi wa sabuni ya mche. Hata kwenye duka la iTunes bendi hiyo ilikataa kuuza hadi Novemba 2012, kwa sababu haikutaka nyimbo zake zitolewe moja moja kutoka kwenye albamu. Wengi walisema inajinyima soko. Albamu zake ziliendelea kuuzwa nzima nzima.

Kutobadilika si kanuni, hata hivyo. Queen walibadilika kila mara, kutoka roki nzito hadi opera hadi dansi, na hawakuanguka. Kinachowaunganisha AC/DC na Queen ni kwamba bidhaa yao haikufungwa kwenye umri wa mteja wala kwenye mtindo wa mwaka mmoja.

MTEJA MPYA ANATOKA WAPI

Biashara hii ina jambo moja linalotofautiana na biashara ya nguo. Muziki aliousikia mtu akiwa kati ya miaka 12 na 20 hukaa naye maisha yake yote. Akiwa na umri huo hana pesa. Hununua kanda moja na kuazima kumi. Akifika miaka 45 ana mshahara, ana gari, na yuko tayari kulipa mara nyingi zaidi kuuona jukwaani muziki ule aliouazima. Bendi ya Eagles ilipojikusanya upya mwaka 1994 baada ya kuvunjika kwa miaka 14, ilipandisha tiketi zake bora kupita dola 100, bei iliyoshangaza soko wakati ule, na watu wakajaa. Waliolipa walikuwa vijana wa miaka ya 1970.

Lakini kizazi kimoja hakitoshi. Baada ya miaka 30 au 40 wateja hao wataanza kupungua wenyewe. Bendi inayodumu ni ile inayopata wa pili na wa tatu, na mara nyingi hawatafutwi na bendi yenyewe. Mfano bora ni Queen huko Marekani. Baada ya mwaka 1982 bendi haikufanya tena ziara nchini humo wakati Mercury akiwa hai, na mauzo yake yalikuwa yameanguka. Mwaka 1992 filamu ya kuchekesha iitwayo "Wayne's World" ilionyesha vijana ndani ya gari wakiimba "Bohemian Rhapsody" kwa kutikisa vichwa. Wimbo uliotoka mwaka 1975 na kufika namba 9 Marekani mwaka 1976 ukapanda hadi namba 2. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2014 mchezo wa jukwaani wa nyimbo za Queen ulichezwa mfululizo katika ukumbi mmoja wa London. Mwaka 2018 filamu ya maisha ya Mercury iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani. Kila mlango kati ya hiyo ulileta watu ambao mwaka 1975 walikuwa hawajazaliwa.

Mifano mingine ni ya karibuni zaidi. Mwaka 2020 wimbo wa Fleetwood Mac wa mwaka 1977, "Dreams", ulirudi kwenye chati kwa sababu mtu mmoja alijirekodi akiteleza barabarani juu ya ubao wenye magurudumu huku akinywa maji ya matunda. Mwaka 2022 "Master of Puppets" ya Metallica, iliyotoka mwaka 1986, iliingia kwenye chati kuu ya Marekani kwa mara ya kwanza baada ya kutumiwa katika tamthilia ya televisheni. Hata Badfinger walipata siku yao mwaka 2013, wimbo wao ulipofunga tamthilia nyingine iliyopendwa.

Zamani bahati kama hiyo ingepotea bure. Duka la santuri lilikuwa na rafu, na rafu ina mwisho. Mwenye duka aliondoa mali inayosuasua kupisha mpya, na aliyesikia wimbo wa zamani kwenye filamu alikuta haupo. Siku hizi rafu haina mwisho na kuweka wimbo humo hakugharimu kitu. Ndiyo maana Marekani zaidi ya asilimia 70 ya muziki unaosikilizwa sasa ni ule uliotoka zaidi ya mwaka mmoja na nusu uliopita. Hali hiyo inawapendelea walio na akiba kubwa ya nyimbo. Mwenye wimbo mmoja akipata bahati ya filamu, msikilizaji mpya husikiliza huo mmoja na kuondoka. Kwa Queen hukuta nyingine 20 zinamsubiri.

Grateful Dead ya California iliyafanya mambo kinyume cha wote, nayo ikadumu. Iliruhusu wasikilizaji kurekodi maonyesho yake bure na kubadilishana kanda, mradi wasiziuze. Mwaka 1984 ikawatengea kabisa sehemu yao ukumbini. Ilianza mwaka 1965 na wimbo wake wa kwanza na wa pekee kuingia kumi bora ulitoka mwaka 1987. Pesa yake ilitoka kwenye tiketi, na kwa kuwa kila onyesho lilikuwa tofauti, mteja yule yule alinunua tiketi kesho na keshokutwa. Nje ya viwanja, kwenye maegesho ya magari, kulizuka soko zima la wachuuzi wa fulana, vyakula na vikorokoro, waliosafiri na bendi mji hadi mji. Ni umachinga hasa, ila umefanywa na Wamarekani. Kiongozi wa bendi, Jerry Garcia, alikufa mwaka 1995, na waliobaki waliendelea kujaza viwanja kwa majina mengine.

NANI KASHIKA HATI

Hadi hapa ni habari ya mteja. Lakini bendi nyingi hazikuuawa na mteja. Ziliuawa na mkataba.

Badfinger walikuwa na wakala New York aliyewawekea kampuni ambayo pesa zote ziliingia humo, nao wakilipwa posho. Mwaka 1974 kampuni yao mpya ya kurekodi ilifungua kesi kuhusu pesa za malipo ya awali ambazo hazikuonekana zilipo. Albamu iliyokuwa madukani ikaondolewa. Pete Ham, mmoja wa watunzi wa "Without You", alijiua mwezi Aprili 1975 akiwa na umri wa miaka 27, huku mpenzi wake akiwa mjamzito. Mwenzake, Tom Evans, alijiua mwaka 1983 baada ya miaka ya ugomvi juu ya mrabaha wa wimbo huo huo. Mtu anayetafuta sababu ya bendi hii kusahaulika hahitaji kuchambua muziki wake.

Queen nusura wafikwe na jambo la aina hiyo. Hadi mwaka 1975 walikuwa na nyimbo kwenye chati, lakini mfukoni hawakuwa na kitu, kwa sababu walikuwa wamejifunga kwa kampuni iliyokuwa meneja wao, mwenye studio yao na mwuzaji wa kazi zao kwa wakati mmoja. Walimwajiri mwanasheria, Jim Beach, akawatoa katika mkataba huo mwaka ule ule. Baadaye walimfanya meneja wao, na bendi ikawa na kampuni yake yenyewe. Walipojikomboa ndipo walipotoa "Bohemian Rhapsody".

Wimbo huo ulileta somo jingine la hesabu. Santuri ndogo ina pande mbili, na mtunzi wa upande wa pili hulipwa mrabaha sawa na wa upande wa kwanza, hata kama hakuna aliyenunua santuri kwa ajili yake. Upande wa pili wa "Bohemian Rhapsody" ulikuwa na wimbo wa mpiga ngoma, Roger Taylor, kuhusu mapenzi yake kwa gari. Taylor akapata mgawo wa utunzi sawa na wa Mercury. Ugomvi juu ya nani aweke wimbo wake wapi uliendelea kwa miaka mingi, hadi albamu ya mwaka 1989, ambapo wanne hao walikubaliana kwamba kila wimbo uandikwe kuwa umetungwa na Queen, bila jina la mtu. Waliosoma taratibu za ushirika watatambua kilichofanyika hapo.

U2 ya Ireland ilifanya hivyo mapema zaidi: muziki wao kwa kawaida huandikwa kuwa ni wa bendi nzima. Ilianza Dublin mwaka 1976, na wanachama wake ni wale wale wanne. Ziara yao ya mwaka 2009 hadi 2011 iliingiza zaidi ya dola milioni 736 kwa maonyesho 110. Pale ambapo mtunzi mmoja hupokea hundi nono kila miezi sita na wenzake wakapokea ya mshahara wa jukwaani tu, swali la nani mwenye bendi huja lenyewe.

Creedence Clearwater Revival ya California inaonyesha upande huo wa pili. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ilitoa albamu saba. Nyimbo zake tano zilifika namba mbili Marekani. Karibu zote zilitungwa na kuimbwa na John Fogerty. Kaka yake Tom alichoka kuwa msindikizaji akajitoa mwaka 1971. Mwaka uliofuata bendi ikafa. Hakimiliki zilibaki kwa kampuni ya kurekodi, Fantasy, na ili atoke katika mkataba Fogerty aliachia hata mrabaha wake. Kwa miaka mingi alikataa kabisa kuimba nyimbo zake mwenyewe jukwaani, kwa kuwa kila akiziimba anayenufaika ni mwingine. Kisha kampuni ikamshitaki kwamba wimbo wake mpya wa mwaka 1985 umeiga wimbo wake wa zamani, yaani amejiibia. Alishinda mwaka 1988, na suala la gharama za mawakili likafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1994 ilitoa uamuzi unaotajwa hadi leo katika kesi za hakimiliki. Tom alikufa mwaka 1990 ndugu hao wakiwa hawajapatana. Mwezi Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 77, Fogerty alinunua sehemu kubwa ya hakimiliki za utunzi wake.

Nyimbo za Creedence hazikuchuja hata siku moja. Kilichokufa ni bendi. Mwekezaji aliyenunua nyimbo alipata. Ambaye angenunua bendi angepoteza kila kitu. Watu wengi huchanganya mali hizi mbili.

JUKWAANI

Rolling Stones nao walipoteza mapema. Nyimbo zao za miaka ya 1960 ziliangukia mikononi mwa meneja wao wa wakati ule, Allen Klein, na kampuni yake imebaki nazo. Mwaka 1971 walihama Uingereza kwenda Ufaransa kwa sababu ya madeni ya kodi. Aliyewanyoosha ni Prince Rupert Loewenstein, mtu wa benki aliyependa muziki wa kina Mozart na aliyewahudumia kwa takriban miaka 40. Kwa kuwa hakimiliki bora zilikuwa zimekwenda, alielekeza nguvu kwenye kile ambacho hakuna aliyeweza kuwanyang'anya: jina na jukwaa.

Mwaka 1981 ziara yao ya Marekani ilidhaminiwa na kampuni ya manukato, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa roki. Mwaka 1989 Michael Cohl wa Kanada alichukua ziara nzima kwa jumla, kuanzia tiketi na fulana hadi udhamini wa bia na haki za televisheni, badala ya kila mji kuwa na mwandaaji wake mwenye mgawo wake. Ziara ya mwaka 2005 hadi 2007 iliingiza kiasi cha dola milioni 558. Nembo yao ya ulimi ilichorwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa sanaa, John Pasche, kwa pauni 50. Ni vigumu kutaja pauni 50 nyingine zilizozaa kiasi hicho.

Ndani ya nyumba mambo yaliendeshwa kama ushirika wenye daraja. Ron Wood aliingia mwaka 1975 lakini alikaa miaka mingi akilipwa mshahara kabla ya kupewa hisa. Bill Wyman alipoondoka mwaka 1993, nafasi yake ya besi ilichukuliwa na Darryl Jones, ambaye ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30 akiwa mwajiriwa. Mashabiki wengine huona hilo ni ubahili. Linapotazamwa kwa jicho la hesabu, idadi ya wenye kura ilibaki ndogo, na ugomvi ulibaki wa watu wawili waliojuana tangu utotoni.

Wapo wanaovunja kanuni zote hizi. Led Zeppelin iliacha kazi mwaka 1980 baada ya mpiga ngoma wake kufa, na ilipofanya onyesho moja London mwezi Desemba 2007 waombaji wa tiketi walitajwa kufikia milioni 20. Bendi hiyo ilikuwa na meneja, Peter Grant, aliyewalazimisha waandaaji wakubali asilimia 10 ya mapato ya mlangoni na kuwaachia bendi 90. Pink Floyd waligombana hadi mahakamani, lakini albamu yao ya mwaka 1973, "The Dark Side of the Moon", ilikaa kwenye chati ya Marekani kwa jumla ya wiki 741 hadi mwaka 1988. Kazi ikiwa kubwa kiasi hicho, hata ugomvi wa wenyewe hauiui. Kazi za namna hiyo ni chache, na huonekana wazi zikishapita, si kabla.

BEI YA KUNUNULIA

Kwa mwenye mtaji, kujua bendi gani itadumu ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni bei.

Mwaka 1997 mwimbaji David Bowie alitoa hatifungani za dola milioni 55 zilizodhaminiwa na mapato ya albamu zake 25 za kabla ya mwaka 1990. Zilikuwa za miaka 10 kwa riba ya asilimia 7.9, wakati hatifungani za serikali ya Marekani zikilipa zaidi kidogo ya asilimia 6. Kampuni ya bima ya Prudential ilizinunua zote. Miaka miwili baadaye, mwaka 1999, ikaja Napster, watu wakaanza kupata muziki bure kwenye intaneti, na mwaka 2004 wakala wa Moody's alizishusha daraja hadi ngazi moja tu juu ya zile zinazohesabiwa kuwa za hatari. Hata hivyo zililipwa zote kwa wakati mwaka 2007, na haki zikarudi kwa Bowie. Alikuwa ametumia sehemu ya pesa hizo kumlipa meneja wake wa zamani aliyekuwa na mgawo katika nyimbo hizo. Mwaka 2022 warithi wake waliuza haki za utunzi kwa bei iliyotajwa kuzidi dola milioni 250.

Hipgnosis ilikuwa na nyimbo nzuri pia, ikiwamo nusu ya haki za utunzi wa Neil Young. Ilizinunua wakati riba za benki zikiwa karibu na sifuri. Chukua mfano wa wimbo unaoingiza shilingi milioni 10 kwa mwaka. Aliyeununua kwa mara 10 ya mapato ametoa milioni 100 na anapata asilimia 10. Aliyeununua kwa mara 20 ametoa milioni 200 na anapata asilimia 5. Riba zilipopanda kuanzia mwaka 2022, asilimia 5 ikawa inapatikana kwenye dhamana za serikali bila kuhangaika na mwimbaji yeyote. Hisa zilizouzwa kwa pauni moja mwaka 2018 zilishuka chini ya pensi 70. Mwezi Oktoba 2023 gawio lilifutwa, na wanahisa wakapiga kura ya kukataa mfuko kuendelea ulivyokuwa. Mwaka 2024 ulinunuliwa na Blackstone kwa kiasi cha dola bilioni 1.6. Aliyevumilia tangu mwanzo alirudishiwa pesa yake na magawio aliyokwisha kupokea. Aliyenunua katikati, bei ikiwa juu, alipata hasara, na aliyeuza kwa hofu mwanzoni mwa mwaka huo alipata kubwa zaidi. Nyimbo zilikuwa zile zile muda wote.

Umri wa nyimbo zilizomo katika mfuko ni jambo la kuulizia. Wimbo mpya huingiza pesa nyingi mwaka wa kwanza, kisha mapato hushuka haraka kwa miaka kadhaa kabla ya kutulia. Anayepigiwa hesabu ya mara 15 kwa mapato ya mwaka wa kwanza anauziwa maji ya masika kwa hesabu ya kisima. Nyimbo zilizokwisha pita miaka 10 hivi hushuka polepole, nyingine hazishuki, na ndizo wanunuzi wakubwa wanazozigombea.

Mkataba wa Sony na Queen nao una kifungu cha kuangaliwa. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati ule, mapato ya maonyesho ya jukwaani hayakuuzwa. Hayo yamebaki kwa Brian May na Roger Taylor, waliozunguka dunia na mwimbaji wa Marekani, Adam Lambert, tangu mwaka 2012 hadi 2024.